Miaka yangu mitatu ku mikro ya mashairi

Niungame mara moja, ili muntu mwingine asiwaambie kabla yangu na kuongeza chumvi: siku yangu ya kwanza kazini nilimuita dada mumoja asome shairi lake, na kabla hajafungua kinywa nikamuwashia muziki wa ngoma. Nilifanya kwa mukono wangu, kwa akili yangu yote, na nikacheka. Dada jina lake Sifa. Alikuwa amekuja na kaye, daftari la mashairi aliyoyaandika yeye mwenyewe, na alirudi nayo bila kusoma hata mustari mumoja. Mimi nilipigiwa makofi. Hiyo njo sehemu mubaya zaidi.

Sasa naacha kazi. Nina miaka kumi na saba, niko finaliste, mwaka wa mwisho wa sekondari, Examen d'État, mutihani wa serikali, inaniangalia kama ng'ombe aliyekwisha kuchagua muntu wa kupiga pembe, na nyumbani wamesema animateur na finaliste hawalali mu kitanda kimoja. Basi nastaafu. Musicheke. Kuna wazee wamestaafu baada ya miaka makumi tatu na hawakufanya makosa niliyofanya mimi mu mitatu. Ninaandika kwa ninyi munaobaki na mikro, hasa Josué wa huitième, mwaka wa pili wa sekondari, ambaye anafikiri kazi hii ni kuvaa miwani ya jua ndani ya nyumba.

Kazi yenyewe ni hii. Kila mwaka, wakati wa likizo kubwa, kamati ya kusoma ya parokia yetu inaalika watu wanaoandika mashairi mu vijiji vya Masisi na Walikale, waje wasome mbele ya watu. Mu barua ya mwaliko wanaandika «waandishi autochtones», maana wa mbele ku programme ni Bambuti na Batwa, watu waliokuwa mu pori hizi kabla ya barabara, kabla ya ng'ombe, kabla hata ya majina ya babu zetu. Wengine wanasoma Kiswahili, wengine Kifaransa, wengine luga ya kwao. Kazi ya animateur ni kuita jina, kumupa muntu mikro, kunyamaza, kuchukua mikro. Ukisikia hivi unafikiri ni rahisi. Hata kubeba mayai ni rahisi, mpaka muntu akuchekeshe.

Niliingia kazini kwa njia ya adhabu. Nilikuwa première humanités, mwaka wa tatu wa sekondari. Madame Espérance, mwalimu wetu wa Kifaransa, njo anaongoza kamati. Siku moja nilisimama mbele ya darasa nikiiga sauti ya préfet wetu, mukubwa wa shule, na kikohozi chake ndani. Darasa lote linalia kwa kucheka. Nilifikiri nimekuwa fundi kweli. Kumbe préfet mwenyewe alikuwa ku mulango nyuma yangu, na wao walikuwa wanacheka mbele ya maiti yangu. Madame akaja mbio. Akamuambia: «Préfet, kinywa hiki, ao tunakifunga, ao tunakipa kazi.» Préfet alipenda kifungwe. Madame alishinda.

Vyombo nilivikuta kwa Papa Anaclet, fundi wa sauti wa parokia, anayetengeneza redio za Karuba tangu mama yangu akiwa mutoto. Mikro moja, ameivika soksi nyeusi ya mutoto ili isimeze mate ya wasomaji. (Josué, soksi inafuliwa kila baada ya kusoma. Kila baada. Si Krismasi na Pasaka.) Bafle mbili za kutoa sauti: moja inasikika, ya pili imekaa pale kwa heshima tu. Batri ya gari, gari yenyewe ilikufa zamani. Na waya wenye viraka vingi kuliko suruali yangu ya kwenda shambani.

Papa Anaclet njo alinifundisha kila kitu ninachojua. Mikro inakaa vidole vine kutoka ku midomo. Mushairi akiogopa, vidole vitatu. Akiwa mukubwa anayeanza kwa kusalimia wakubwa wenzake, muweke mbali mukono muzima. Haupulizi «fuu, fuu» ndani, maana mikro si moto wa makaa. Na jambo moja alilolisema mara ya kwanza nikafikiri ni mizaha ya wazee: «Bahati, mikro iko kama kiti. Ukishamupa mugeni kiti, haukaye tena juu ya magoti yake.»

Nilijibu: «Ndiyo, Papa.» Sikio moja liliingiza, lingine likatoa.

Siku ya kwanza tulikuwa ku Karuba, kwetu. Alasiri ya jua, vijana wameacha ng'ombe kwa wadogo zao, bamama wa chama wamevaa bitenge vya rangi moja, mama yangu katikati ya musitari wa mbele. Niliita wa kwanza, mwalimu mumoja, akasoma shairi refu juu ya amani. Watu wakapiga makofi ya adabu. Wa pili, vile vile. Nikaona Papa mumoja kichwa kinaanguka, kinasimama, kinaanguka. Animateur akiona watu wanasinzia ni kama mbwa akiona kuku.

Jina la tatu: Sifa, Walikale, shairi. Iliandikwa hivyo, kwa herufi nzuri za Madame, kwa hiyo sitasema sikujua. Akasimama dada mufupi wa miaka makumi mbili hivi, kitenge cha kijani, kaye ameikumbatia ku kifua. Na salle, ukumbi muzima, ikaamuka yote. Kwetu, Mutwa ao Mumbuti akisimama mbele ya watu, macho yanashuka mara moja ku miguu yake. Ku ndoa wanaitwa wacheze. Mukubwa wa serikali akifika, wanaitwa wacheze. Kisha wanapewa pombe nje, na karamu inaendelea bila wao. Tangu nizaliwe sijaona mumoja wao amesimama na karatasi.

Nyuma sauti ikaita: «Acheze!»

Mu simu yangu nilikuwa na ngoma niliyoiweka kwa ajili ya mapumziko, na simu ilikuwa imefungwa ku bafle. Nikasema: «Bamama na bapapa, Walikale imefika! Muamushe miguu!» Nikabonyeza.

Salle ilivunjika. Bamama walitoka mu viti, vijana wakapiga mabenchi, mama yangu mwenyewe akaongoza musururu akizunguka na kitambaa hewani. Na katikati ya vumbi, Sifa amesimama. Aliangalia kuume, akaangalia kushoto, kama muntu aliyegonga mulango si wake. Akaikunja kaye mara mbili, akaiingiza mu kitenge, akatoka. Watu walifikiri anaenda kuita wenzake wacheze pamoja. Waliendelea bila yeye. Waliendelea vizuri sana.

Ni Papa Anaclet alikata, kwa kung'oa waya ku batri. Hakupiga kelele. Alikuja karibu yangu akiukunja ule waya polepole.

«Umeona vile alikunja kaye?»

«Sikuona, Papa.»

«Miye niliona. Na weye utaiona, lakini pole pole.»

Nyumbani mama alisema mutoto wake ana kipaji, akanipa maziwa mu kikombe cha baba. Nikanywa. Yalikuwa matamu, siwezi kuwadanganya. Kesho yake nilienda kwa Madame nikijua nafukuzwa, nimekwisha kutayarisha uso wa huzuni. Akaniangalia uso ule, akasema: «Kukufukuza ni kukupumzisha. Utaendelea. Na kila mwaka, jina la Sifa utaliandika wewe ku programme, kwa mukono wako, aje ao asije.»

Na Papa Anaclet alisema kweli. Kaye ile ilianza kunifikia. Nafunga daftari langu darasani, naiona. Nakunja shati, naiona. Mutoto wa mizaha hajazoea vitu vya namna hiyo. Mimi kwa kawaida nilikuwa nasahau makosa yangu kabla ya chakula.

Basi nilijifunza kazi. Nitawapa machache, bila malipo. Mushairi anayesema «nitasoma kafupi tu» ana karatasi sita. Muombe akuonyeshe mikono yote miwili. Mushairi anayetetemeka, usimuambie «usiogope», atajua kuna kitu cha kuogopa. Muulize alipita njia gani, atakapokuwa analalamika juu ya matope umuwekee mikro mu mukono, atajikuta amekwisha kuanza. Mushairi anayelia katikati, usimuendee. Usimupe kitambaa. Mungojee. Nilimuona muzee mumoja analia ku mustari wa nne, salle yote inanihimiza kwa macho nifanye kitu, na Papa Anaclet amenikanyaga muguu chini ya meza ili nisifanye. Muzee akavuta makamasi, akamaliza. Muguu wangu uliuma siku mbili, lakini mashairi yalifika mwisho.

Mwaka wa pili tulisomea Kirotshe, kule chini ku ziwa. Jina la Sifa nililiandika mimi, hakuja. Kwa nafasi yake alikuja baba yake mukubwa, Papa Zakaria, muzee Mumbuti aliyelala njiani siku mbili, kwa moto, njo pikipiki, na kwa miguu, kutoka mupaka wa pori la Walikale. Kabla ya kuanza tulimupa chai, na wakati wa chai nilimuuliza shairi lake linahusu nini. (Muulize muntu daima. Mwaka wa kwanza sikuuliza muntu kitu.) Akanieleza: ni shairi la asali. Halina karatasi. Yeye anapanda muti kwa maneno, tawi kwa tawi, na ku kila tawi wanaosikiliza wanamujibu «Shika!», ili asianguke.

«Na wasipojibu?»

«Hawajawahi kukosa kujibu. Kwetu hata batoto banajua.»

Mvua ilianguka mara tu alipochukua mikro. Mvua ya Kirotshe juu ya mabati si mvua, ni mawe. Papa Zakaria akafunga macho, akaita tawi la kwanza. Salle ikanyamaza kwa heshima, kama kanisani. Yeye akangoja. Akaita tena, kwa sauti ya juu. Kimya. Sasa muzee yuko juu ya muti, mukono mumoja hewani, na hakuna muntu wa kumushika.

Sikuwa na mikro. Nikaweka mikono ku kinywa nikapiga kelele kama muntu anayefukuza nyani mu mahindi: «Shika!»

Watu walicheka. Mimi sikucheka, na hiyo iliwashangaza kuliko kelele. Tawi la pili: «Shika!», mimi peke yangu. Tawi la tatu, mutoto mumoja mbele akajibu na mimi. La ine, infirmier, muuguzi mumoja aliyekuwa ametoka kazini na blouse yake nyeupe. La saba, musitari muzima. Muzee alipofika ku mizinga, mvua ndiyo ilikuwa inaomba kusikilizwa, si yeye.

Baadaye, tukiwa tunakunja waya, akaja kwangu.

«Weye njo ule mutoto wa ngoma?»

«Njo miye, Papa.»

«Leo umenishika,» alisema. Nilitaka kutabasamu, lakini hakuwa amemaliza. «Sifa amenipa karatasi moja nilete. Si kwako, kwa Madame. Na amenituma neno: pahali ule mutoto iko, yeye haendi.»

Huo ulikuwa mwaka wa pili. Makofi nilipata mengi. Niliyabeba nyumbani kama muntu aliyenunua viatu namba si yake.

Mwaka wa tatu, mwaka huu, kamati ilichagua Nyabiondo, kwa sababu Sifa na mama yake walikuwa wamehamia upande ule, wanalima mashamba ya watu. Ile karatasi moja ilikuwa imezunguka mikononi mwa kamati nzima, na kila aliyeisoma aliirudia tangu mwanzo. Lakini mwenyewe alikuwa hajakubali kuja. Mu mukutano, Papa mumoja wa kamati, mwenye tai hata siku ya kuchimba viazi, akasema: «Bon, maneno iko yale yale. Tumutafute finaliste mwenye sauti nzuri, asome kwa nafasi yake. Ule dada atafurahi tu.» Na akageuka kuniangalia.

Finaliste mwenye sauti nzuri ni mimi.

Madame alikuwa anangoja aone nimekuwa nani. Nikasema: «Hapana. Munipe siku mbili niende Nyabiondo kwanza.»

«Kufanya nini?»

«Kuomba musamaha.»

Salle ya mukutano ilicheka sana. Shida ya kuwa muntu wa mizaha: siku unasema kweli, watu wanangoja uimalize na kichekesho.

Kwetu, kosa lililofanywa mbele ya watu halioshwi na maneno matupu. Unaenda na muzee na kuku. Muzee alikuwa Papa Anaclet, aliyepanda moto nyuma yangu akilaani kila shimo la barabara kwa jina lake. Kuku nilimutoa kwa mama. Nilimuambia ni ya parokia. (Mama, ukifika hapa, ruka huu mustari.)

Tulimukuta Sifa kilimani, mu maharagwe, jembe mukononi. Alinijua kabla sijafungua kinywa. Papa Anaclet akavua kofia.

«Dada, tunakuja na kosa yetu.»

«Kosa iko ya bawili?»

«Iko ya huyu. Miye niko muzee wake.»

Sifa akaangalia kuku, aliyekuwa amening'inia mukononi mwangu kichwa chini. «Na huyu, yeye alifanya nini?»

«Hakufanya kitu,» nikasema.

«Basi arudi kwao.»

Papa Anaclet alikohoa ili asicheke. Mimi nilikuwa nimetayarisha maneno mazuri njiani, yote yakatoroka. Nikamuambia kama ilivyo: kwamba nilijua ni shairi, kwamba nilisoma jina lake na bado nikabonyeza, kwamba sasa kamati inataka mimi nisome karatasi yake.

Aliacha kulima. «Shairi yangu. Mu kinywa yako.»

«Nimekataa.»

«Umekataa, ao unakuja kuniuliza kama unaweza?»

«Nakuja kukuomba usome weye mwenyewe. Ukitaka nisiwe pale, sitakuwa pale. Nitakaa Karuba na ng'ombe.»

Alisimamisha jembe, akaegemea mupini. Nilifikiri atafurahi nikikosekana. Akasema: «Ukibaki Karuba, itabadilisha nini? Nikisimama, banasema nini?»

«Banasema ‘Acheze.’»

«Njo vile. Banasema tangu nyanya yangu. Weye haukuianzisha, usijipe ukubwa. Weye uliiwekea tu batri.»

Nimepigwa na walimu wane, préfet mumoja na teke la ng'ombe. Hakuna aliyenipiga vizuri hivyo.

«Sikia,» akaendelea. «Nitakuja. Wakisema ‘Acheze’, weye njo utacheza. Bila muziki, bila mikro, bila kusema hata neno moja la kubachekesha. Utacheza mpaka hamu yao iishe. Kisha utakaa chini, chini kabisa, na utafunga kinywa. Na nikishuka tena bila kusoma, hii kaye naipikia maharagwe. Sisomi tena mbele ya muntu, wala siandiki.»

«Dada, miye sijui kucheza.»

«Njo vizuri.»

Tulirudi na kuku. Njia nzima Papa Anaclet hakulaani shimo hata moja.

Siku yenyewe, salle ya Nyabiondo ilijaa mpaka ku madirisha. Darasa langu lote lilikuja, maana habari kwamba Bahati aliomba musamaha ilikuwa imezunguka milima. Na mama alikuja, na bamama sita wa chama, kwa sababu mudogo wake ameolewa pale na walitaka kumusalimia. Nilipomuona mama anakaa musitari wa mbele, bitenge vya rangi moja kuume na kushoto, nilitamani batri ipasuke.

Batri haikupasuka. Niliita wa kwanza, nikaita wa pili. Kisha: «Sifa, Nyabiondo, shairi.» Nikamupa mikro, soksi imefuliwa, nikarudi nyuma hatua mbili.

Hakukawia. «Acheze!» Sauti ya kijana, ku dirisha. Nyingine: «Miguu, miguu!» Muntu akaanza kupiga bidon, dumu tupu la mafuta, na bidon ikipigwa Nyabiondo, mikono mingine haiulizi. Salle yote sasa: «A-che-ze! A-che-ze!» Mama yangu alikuwa anapiga makofi. Sifa alinigeukia. Aliinua tu kidevu, kama muntu anayekuonyesha njia.

Nikatoka katikati nikaanza.

Nataka mujue vile nilicheza. Muguu wa kuume ulikuwa na wimbo wake, wa kushoto ulikuwa na mambo mengine ya kufanya. Mabega yalipanda na hayakushuka. Salle ililipuka kwa kicheko. «Bahati! Eh, Bahati!» Bidon ikaongeza, nami nikaongeza. Wenzangu wa darasa walikuwa wanaanguka mu mabenchi. Kwa kawaida hapo njo ningesema neno moja tu, neno dogo la kuwaonyesha kwamba mimi pia najua ni kichekesho. Nililiona ku ulimi. Nikalimeza.

Kicheko kina mwisho, sikujua. Nimekula mukate wa kicheko tangu nizaliwe, sikuwahi kuona chini ya mufuko. Baada ya wakati walikuwa wanacheka kwa vipande. Kisha hapa na pale. Jasho linaingia mu macho, shati limenata, na mimi naendelea. Bidon ikapunguza. Nikaendelea bila bidon, miguu tu juu ya saruji, pa, pa, pa. Mama mumoja akasema: «Yesu, huyu mutoto iko mugonjwa?» Mu musitari wa mbele mama yangu alikuwa ameacha kupiga makofi, ameshika kinywa kwa kitenge. Hakuna aliyecheka tena. Ilikuwa mbaya kuangalia, najua, kwa sababu ilikuwa mbaya kufanya: kuchezea watu ambao hawataki ufanye kitu kingine.

Halafu muzee mumoja, nyuma, aliyekuwa kimya toka mwanzo, akasimama. «Basi, inatosha. Muache ule dada aseme kile kilimuleta.»

Sifa alinyoosha kidole, kuonyesha saruji. Nikakaa. Chini kabisa. Yeye akaleta mikro vidole vitatu kutoka ku midomo, akafungua kaye, akasoma. Mashairi yote siwezi kuwapa, ni yake. La kwanza ameniruhusu niandike hapa:

Nimelima mashamba yenye majina:
hili la Papa fulani, lile la Mama fulani,
mikono yangu tu njo haina jina.
Jua likichoka, na mimi nachoka,
nakuta chakula changu ku mulango, juu ya jani la mugomba.
Mama, chakula chako ni kitamu.
Mama, sikuja kulalamika chumvi.
Nauliza tu, kwa sababu miaka imepita:
ndani kwako kunafanana namna gani?

Hakuna aliyepiga makofi. Nilikuwa chini, sikuona nyuso, niliona miguu tu; na hakuna muguu uliotikisika. Kwetu Karuba, mwanamuke Mutwa anayekuja kutusaidia kulima viazi, mama anamuwekea chakula kingi, moto, na nyama kama iko. Ku jani. Ku mulango. Nimepita juu ya jani lile kwenda kucheza mupira tangu nilipojua kutembea, na sikuwahi kuuliza chochote.

Sifa aligeuza ukurasa, akasoma la pili. Akasoma la tatu. Wakati wa la tatu muntu alicheka, kwa sababu lilikuwa la kuchekesha, na Sifa akangoja wacheke wamalize, kama fundi. Alipofunga kaye ndipo makofi yalikuja, na hayakuwa ya adabu. Kisha akanirudishia mikro, juu chini, kama unavyomupa muntu kisu, upande wa mupini.

«Sasa unaweza kusimama,» akasema.

Josué, hayo njo nilikuwa nayo. Soksi nimekuachia mbili, ya kubadilisha. Papa Anaclet atakukanyaga muguu, usiusogeze.

Mama nilimukuta nje, karibu na moto zilizokuwa zinangoja abiria. Bamama wenzake walikuwa wamemuacha peke yake kidogo, kama wanavyofanya muntu akiwa anatafuta kitu mu mufuko na hakuna kitu anatafuta. Macho yake yalikuwa mekundu. Nikamusogelea, tayari kwa lolote. Akanipangusa jasho ku paji la uso na ncha ya kitenge, kwa nguvu, kama anasugua sufuria. Na akasema:

«Ukicheza tena vile mbele ya bamama wa chama, nitakukana mara tatu na sitangoja jogoo. Sasa rudi ndani kwa ule dada. Umuambie Jumapili, siku ya yenga, kisha misa, tunamungojea Karuba, na atalala kwetu. Akifika, usimukamatishe chakula ku mulango. Umupitishe salon, umukalishe ku kiti ya baba yako, na akuje na ile kaye yake, aone ndani kunafanana namna gani, aandike.»